Sikio la Mzee Seif

Zuwena alipoingia uani kwangu hapa Gasenyi, pembeni mwa Bujumbura, mwezi uliopita, sikumjua. Niliona mwanamke mzee mwenye baibui la bei, ameshuka kwenye taksi na kuushika mkoba kwa mikono miwili, anatazama huku na huku kama mtu aliyeelekezwa vibaya. Nikamsalimia, kimya. Nikamsalimia mara ya pili. Ndipo akapeleka kiganja nyuma ya sikio, akakikunja kama kijiko, akainamisha kichwa upande wa kushoto, na mimi nikakaa chini kwenye ngazi na bakuli la ndagala, dagaa wa ziwa letu, mapajani. Kiganja kile nilikijua. Baba yake alikikunja hivyo hivyo mwaka mzima, na ndani ya kiganja hicho ndimo nilimojifunzia Kiingereza.

Tulilia kidogo, tukacheka zaidi. Ameishi Maskati tangu alipoolewa, mume kamzika kule, na masikio yamemkimbia kama yalivyomkimbia baba yake. Amekuja kuliona kaburi la baba kabla magoti hayajakataa safari. Ndani, mjukuu wangu Aziza alikuwa mezani na simu yake. Huyu anasoma biashara chuo kikuu, na siku hizi kila mlango mjini unataka Kiingereza, basi kila alasiri anaweka habari za biashara za dunia, anasikiliza, anasimamisha, anaandika neno, anatafuta maana yake. Wiki moja kabla ya Zuwena kuja alikwama kwenye neno demereji. Nilikuwa nachambua maharage, nikamwambia bila kuinua kichwa: hiyo ni gharama ya meli kungojeshwa. Akanitazama kana kwamba sufuria imesema. "Bibi, hilo umelitoa wapi?" Nikamwambia nitakuandikia. Nina madarasa matatu ya shule na juzuu thelathini za Kurani za chuoni, basi anayetafuta mapambo asiyatafute hapa. Na maneno ya Kiingereza nitayaandika kama sikio langu lilivyoyapokea. Mwenye shule zake ayanyooshe mwenyewe.

Mambo ya mtaa wetu wa Buyenzi, nani alimzaa nani, nayaacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia kwa Mzee Seif kuosha sufuria. Nyumba yake ilikuwa mjini, mtaa wa Waarabu na Wahindi, imejengwa kama zao zote: mbele baraza yenye nguzo, kisha duka la vitambaa, nyuma ya duka korido yenye pazia la kijani, kisha vyumba, kisha ua, na mwisho kabisa jiko, jeusi kuanzia ukutani mpaka kwenye bati. Mtu wa jikoni alivuka pazia kwa sababu moja tu, kupeleka kahawa. Mpishi alikuwa Mama Feza, mwanamke wa Uvira, mnene, mwenye kucheka kwa tumbo. Siku ya kwanza aliniambia, "Sha, hii nyumba iko na moshi na iko na mbele. We uko wa moshi." Nikalitazama lile pazia. Nikasema moyoni, tutaona.

Mbele kulikuwa na harufu ya vitambaa vipya, ile harufu ya wanga na rangi, na barazani, juu ya meza yake yenyewe, redio ya mbao iliyovalishwa kitambaa cha kufuma. Mzee Seif alijifunza Kiingereza ujanani, alipokuwa karani wa wafanyabiashara kule Dar es Salaam. Kila siku, baada ya swala ya alasiri, aliketi kando ya redio ile kusikiliza habari za biashara kwa Kiingereza: pamba imefanyaje, kahawa imefanyaje, meli ziko wapi. Hivyo ndivyo alivyojua lini aagize na lini angoje. Wenzake mtaani walikuwa na Kifaransa cha kusemea na wakubwa. Kiingereza cha redio alikuwa nacho peke yake, na duka lake lilisimama juu ya hicho. Halafu, mwanzoni mwa mwaka ule, masikio yakaanza kufa. Aliongeza sauti mpaka chombo kikatetemeka. Alilaza shavu juu ya kile kitambaa cha kufuma kama mtu anayesikiliza tumbo la mke wake. Siku moja nilipompelekea kahawa nikamkuta amekaa wima, redio inaunguruma, na yeye anaitazama tu. Akasema, bila kumwambia mtu, "Nyuki. Nasikia nyuki." Mwanawe Nassor, aliyeendesha duka, alikuwa na Kifaransa kizuri cha mashuleni lakini kwa Kiingereza alikuwa sawa na mimi.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuigiza. Chuoni Buyenzi nilihifadhi Kurani yote bila kujua Kiarabu cha kuombea maji. Sauti ikiingia inakaa. Basi jikoni, nikisugua sufuria, nilimwigiza yule mtangazaji, na kikohozi chake, na jinsi alivyomeza mwisho wa maneno, na Mama Feza akajishika mbavu. Zuwena akatusikia. Alikuwa na miaka kumi na saba, anasoma kwa masista, soksi nyeupe. Akaenda kwa baba yake kunichongea, au kunicheka, mimi nilidhani hivyo miaka yote. Nikaitwa mbele. Nilikuja na majivu mpaka kwenye viwiko.

"Rudia," Mzee akasema, na kiganja kikaenda nyuma ya sikio.

Nikainama, nikapiga kelele mle ndani maneno niliyoyasikia saa ile, yote, pamoja na kikohozi. Mzee akafumba macho. Nikadhani amekasirika. Kisha ndevu zikaanza kucheza.

"Kahawa imepanda," akasema. "Brazili wamepigwa na baridi. Binti, unajua umesema nini?"

"Sijue, Mzee."

"Hujui. Lakini umesema." Akamgeukia Nassor. "Kila siku alasiri, huyu aje hapa."

Ndivyo nilivyovuka pazia. Nilipewa mkeka chini ya meza ya redio, kwa sababu viti vya barazani vilikuwa vya wanaume. Saa moja kwa siku nilikuwa mbele. Zilizobaki nilikuwa wa moshi. Na ile saa moja ndiyo niliyoiishi. Redio ilisema, nikabeba, nikamwaga sikioni, na Mzee akanirudishia maana. Hakunipa maana kwa maneno, alinipa kwa vitu. Nilipomwuliza shotiji ni nini, aliagiza kopo la sukari kutoka jikoni, akaligeuza juu chini, zikaanguka punje tatu. "Hiyo." Saplasi ilikuwa ndagala wa Kajaga siku ile ndoo zinapojaa mpaka wavuvi wanawatupia bata. Dimandi ilikuwa wanawake wa Buyenzi mbele ya duka letu siku mbili kabla ya Idi, wanakanyagana kwa ajili ya kitenge chenye tausi. Tarifu ilikuwa yule mtu wa forodha bandarini ambaye mzigo haupiti mpaka umsalimie kwa ushuru wa serikali. Na demereji ilikuwa mtu wa mkokoteni: ukimwita, halafu ukamwacha mlangoni unatafuta viatu, anakudai na kule kungoja.

Neno moja lilinichukua siku tatu. Lilikuwa on bodi. Mzee akaniambia ni bidhaa zinazouzwa zikishapanda meli. Zikishapanda, ni zako, hata kama hujaziona. Sikuelewa mtu anavyomiliki kitu ambacho kiko baharini. Akaniuliza, "Ukinunua kuku kwa jirani, akamrusha juu ya ua, yule kuku akafia hewani, ni kuku wa nani?" Nikafikiri. "Wa kwangu, kama tulipatana nampokea hewani." Akajipiga paja kwa furaha. "Basi usipatane hewani."

Zuwena alipita kila siku akitoka shule, anasimama kwenye korido nusu ndani ya pazia, na kitabu. "Redio Buyenzi," ananiita, "leo dunia inasemaje?" Nikajibu, "Inasema soksi zako ziko na tundu." Alisimama pale mpaka habari zinaisha. Nilikumbuka baadaye sana kwamba zile kurasa hazikuwa zinageuka.

Sasa nisimulie kosa letu, ambalo hata leo nikilikumbuka nauma ulimi. Mtu kiziwi haambiwi siri kwa sauti ya chini. Mimi nilipiga kelele, barazani, alasiri, mtaa mzima umekaa nje. Na ng'ambo ya barabara alikuwa Yahya, muuza vitambaa mwenzetu, mwanamume wa tabasamu nyingi. Kwanza kiti chake kilikuwa ndani ya duka. Mwezi uliofuata kikawa mlangoni. Kisha kikawa chini ya nguzo yake ya mwisho, hatua kumi kutoka kwetu, na yeye juu yake na tasbihi, anamdhukuru Mungu na sikio limeelekea kwangu. Mimi nilifikiri ananiheshimu. Nikaongeza sauti.

Siku hiyo redio ilisema pamba imeharibika kwenye nchi kubwa mbili, viwanda vitakosa uzi, shotiji inakuja. Nilimwaga yote. Mzee aliitafsiri kwa sauti yake ya kiziwi ambayo nayo haikuwa ndogo: "Kesho asubuhi, Nassor, uende depo bandarini, uchukue kitambaa chote cha amerikani ulichokiona, kabla bei haijapanda." Kesho asubuhi Nassor alikwenda. Depo ilikuwa imefagiwa. Mwenye depo alimwambia Bwana Yahya amekuja jana jioni na lori.

Nassor alirudi, hakuketi. Alisimama katikati ya duka, mimi nimeshika sinia la kahawa. "Baba," akasema, na kwa kuwa baba hasikii ilibidi apige kelele na yeye, "huyu musichana anatangazia mji muzima. Tunamulisha Yahya kwa kijiko yetu wenyewe." Mzee alitazama ng'ambo ya barabara. Yahya akampungia mkono. "Iko kijana Kampala," Nassor akaendelea, "anasoma Kingereza, anaandika Kingereza, anajua kukaa na siri. Nimeisha kumwandikia barua. Atakuja nyuma ya Idi. Huyu arudi jikoni." Mzee alichukua kikombe kwenye sinia langu, na kwa mara ya kwanza hakunitazama.

Jikoni Mama Feza alinikatia kipande cha bugali akakisogeza kwangu. "Kula. Moshi haifukuzi mutu."

"Mi sirudi kwa moshi," nikasema.

"Na utaenda wapi, sha? Kwa rais?"

"Pale. Nyuma ya pazia." Sikula. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira, na hasira ya miaka kumi na tisa hufanya kazi ikipewa kazi. Idi ilikuwa mbali kwa wiki sita. Niliosha sufuria usiku ule mpaka zikatoa sura yangu, nikijiuliza swali moja: mtu asiyesikia unamwambia nini bila sauti? Unamwandikia. Lakini mimi herufi za Kifaransa nilizijua kwa taabu, nikiandika jina langu nilitoa jasho. Herufi nilizozimiliki zilikuwa za chuoni. Alif, be, te. Asubuhi niliomba ruhusa ya saa moja, nikaenda Buyenzi kwa mwalimu wangu, nikaazima ubao, ule ubao wa mbao wa kuandikia Kurani, na kalamu ya mwanzi, na chupa ya wino wa masizi. Mwalimu aliuliza nimeanza kuhifadhi upya? Nikamwambia, kwa namna fulani.

Alasiri ile Nassor alikuwa bandarini. Nilikwenda barazani kama kawaida, nikakaa kwenye mkeka, redio ikasema, nami nikaandika. Kiingereza kwa herufi za Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto. Nilitoa ulimi nje kama mtoto. Habari zilipoisha nikamwekea Mzee ubao mapajani. Akauinua, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Alisoma kwa midomo, kama anavyosoma Yasini. Kisha akaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe anacheka bila sauti.

"Na Yahya?" akaninong'oneza, kwa kiwango cha mnong'ono wa kiziwi.

Nikageuza kichwa. Yahya alikuwa chini ya nguzo yake, tasbihi imesimama.

"Tumpe nini?" Mzee akauliza. "Uongo ni haramu, na Ramadhani inaingia."

Nikafikiri. Siku hiyo redio ilisema mengi kuhusu kakao. Kakao haikutuhusu, wala haikumhusu mtu yeyote mtaa ule. Nikainama kwenye sikio la Mzee, nikapiga kelele za kakao, zote, neno kwa neno, na kikohozi nikaweka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi: pamba, meli na forodha kwenye ubao, kimya; kakao, bati na mafuta ya samaki kwa sauti kubwa. Kila neno la kweli. Wiki ya pili ya Ramadhani nilisikia Yahya ameuliza bandarini kama kuna mtu anauza kakao.

Nassor aliuona ubao, akauinua, akausoma, kwa sababu na yeye alipita chuoni. Aliurudisha mezani. "Hii ni mchezo," akasema. "Kijana anakuja." Mimi nikachovya kalamu. Nilikuwa nimefunga, koo limekauka, na kuandika hakuhitaji mate.

Siku za mwisho za mfungo redio ikaanza neno jipya, na halikuondoka: konjesheni. Bandari ya Dar es Salaam imejaa, meli zimepanga mstari nje baharini, zinangoja zamu. Niliandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka Mzee akauliza kama sina jingine. Nikamwambia redio haina jingine. Mizigo yetu yote ilikuja njia ile: meli mpaka Dar, treni mpaka Kigoma, boti mpaka hapa.

Ndani ya siku hizo hizo wakaja wageni. Mmoja alikuwa wakala wa vitambaa kutoka Mombasa, aliitwa Faruki, suti ya kijivu, marashi. Wa pili Mzungu wa kiwandani, mashati ya mikono mifupi, mtu wa kutabasamu na kutosema. Walikuwa na vitenge na amerikani ya mwaka mzima, kwa bei rahisi ambayo mtaa haujaiona, lakini sahihi itiwe kabla hawajaondoka, na mzigo ufike kabla ya msimu wa kahawa, watu wa milimani wakiwa na kitu mfukoni. Nassor aliwaka kama taa. Mzee akawakaribisha futari.

Naikumbuka ile meza kuliko harusi yangu. Tende kwenye sahani ya shaba, uji wa pilipili manga, sambusa, samaki wa mukeke wa kukaanga mzimamzima, wali wa nazi ambayo Mama Feza aliisubiri kutoka Kigoma siku nne. Iliadhiniwa, tukanywa maji, Faruki akala tende yetu kwa bismillahi safi kabisa. Zuwena alikuwa nyuma ya pazia na mama yake. Mimi nilikuwa wa kupita na sinia. Na mbele ya mtu wa sinia watu wanasema. Sinia halina masikio. Mzee kiziwi, Nassor Mfaransa, mimi msichana wa jikoni: wale wawili wakageuzana wakaanza kuongea Kiingereza mezani petu, taratibu, kama watu walio nyumbani kwao.

Nilikuwa namimina kahawa. Sikushika yote, sitadanganya. Mzungu aliuliza kitu kuhusu Dar, na Faruki akatabasamu akiutazama wali na kusema konjesheni. Akasema demereji. Akasema on bodi, na kidole chake kikagonga karatasi ambayo Nassor alikuwa ameshaifungulia kalamu. Mzungu akasema kitu, nikashika mwisho wake: kwamba hawa hawajasikia. Nilimimina mpaka ukingoni, nikamaliza duru, nikaenda jikoni kwa mwendo wa kawaida, na nilipofika jikoni nikakimbia.

"Ubao," nikamwambia Mama Feza.

"Sasa hii? Watu wako mezani."

"Mama, ubao."

Alikuwa amefunika mtungi kwa ubao huo. Nikaufuta kwa kanga yangu, nikaandika mistari mitatu, wino unachuruzika. Meli zimepanga mstari. Wanauza on bodi, kungoja kote ni kwetu. Wanajua. Nikaubeba mbele pamoja na bakuli la halua, nikauweka mapajani kwa Mzee kwa heshima, kwa mikono miwili, kama anavyowekewa mzee ubao wake baada ya futari katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Faruki aliinamisha kichwa. "Mashallah. Mzee hata mezani haachi aya."

Mzee alisoma kwa midomo. Nassor alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Mzee, bila kumtazama, akaweka kiganja chake juu ya mkono ule, akauacha hapo. Alisoma tena mstari wa tatu. Kisha akainua uso, akamtazama Mzungu, na akasema kwa Kiingereza, Kiingereza chenye kutu cha karani wa zamani, kila neno limenyooka: meli zikisimama nje ya bandari, kungoja analipa nani?

Faruki aliutazama ubao, akanitazama mimi, akautazama ubao.

"Mzee anasoma aya gani?" akauliza, kidole kimeelekea ubao.

"Nasoma habari," Mzee akasema.

Mzungu ndiye aliyecheka wa kwanza, na sio cheko la kejeli. Alichukua kalamu mkononi mwa Nassor, akafuta mstari, akaandika mwingine. Mzigo utakuwa wetu ukikanyaga bandari ya Bujumbura, siyo dakika moja kabla. Na bei ikapanda kidogo, kwa haki. Nassor alimwuliza baba yake kimya kwa macho, baba akatikisa kichwa kukubali, sahihi ikatiwa. Asubuhi yake Faruki alivuka barabara. Yahya alitia sahihi karatasi ileile ya kwanza, on bodi, na akaja mlangoni kwetu kutuonyesha jinsi alivyopata rahisi kuliko sisi. Vitenge vyake vilikaa baharini wiki nyingi. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Siku ya tatu baada ya Idi nilikwenda barazani alasiri, nikakuta mkeka wangu haupo. Nikajua kijana wa Kampala amefika. Nikasimama na ubao kifuani, na nakumbuka nilijiambia: hata akiwepo, nitakaa, wanibebe. Kisha Nassor akatoka dukani amebeba kiti, kiti cha mikono, cha mbao nyekundu, cha wanaume. Akakiweka karibu na redio, akakitikisa kuona kama miguu iko sawa.

"Nimemwandikia yule kijana asikuje," akasema. "Kaa. Habari zinaanza."

Hakuomba msamaha, na sikuuhitaji. Nilikaa. Kule jikoni nilimsikia Mama Feza akipaza sauti makusudi: "Na sufuria, ataosha nani?" Niliziosha mimi mpaka alipopatikana mwingine. Baada ya hapo jikoni sikurudi tena. Miaka kumi na miwili niliuza vitambaa katika duka lile, miaka mingine nikauza katika kibanda changu mwenyewe, na watoto wanne wamesoma kwa kitenge. Mzee Seif nilimwandikia ubao mpaka wiki aliyofariki, na mstari wa mwisho niliomwandikia ulihusu pamba.

Haya yote, kabla sijayaandika, nilimsimulia Aziza mezani siku ile ile, Zuwena akiwa kando yetu anakula mukeke kwa vidole, anaitazama midomo yangu. Nilidhani hafuatilii. Kumbe yote ameshika.

"Kiti kile cha redio," akasema, "mi ndiye nilikiomba."

Nikamgeukia.

"Kwanza nilijiombea mwenyewe. Mwanzoni kabisa, kabla yako. Nilimwambia Baba, mi niko na shule, nifundishe, nitakuwa sikio yako. Akasema binti yake hawezi kukaa barazani mbele ya macho ya watu." Alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "We ulikuwa wa jikoni. Macho ya watu hayakuhesabu. Basi nikamwambia, iko musichana anaigiza redio, mwite huyo. Nikasimama kwa pazia mwaka muzima, nikajifunza na we. Shotiji, saplasi. Kule Maskati nilimfanyia mume wangu biashara yote kwa simu, nyuma ya mlango. Na ile siku ya futari nilisikia konjesheni, nikataka kupiga kelele. Halafu nikaona mgongo wako unaenda jikoni."

Miaka yote nilifikiri alikuja pale pazia kunicheka. Nilivuka mimi kwa sababu nilikuwa mtu wa bure, na yeye akabaki kwa sababu alikuwa mtu wa thamani; na kama leo ningepewa kuchagua, ningechagua tena majivu yangu. Lakini kiti kilikuwa kimoja na tulikuwa wawili, na hilo sikulijua mpaka nimekuwa na meno machache.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Nikainuka, nikachukua kiti changu, kile chenye mikono, nikakipeleka nje barazani, mbele kabisa, panapoonekana barabara nzima, nikakitikisa kuona kama miguu iko sawa. "Njoo ukae hapa," nikamwambia kwa mkono. Akatazama barabarani, watu wanapita na mikokoteni ya maji, na baiskeli, wote wanatutazama. Akakaa. Aziza akaweka simu mapajani pa Zuwena, habari za biashara zinaanza. Mtangazaji wa siku hizi hana kikohozi, ana haraka tu. Zuwena akakunja kiganja nyuma ya sikio, mimi nikainama, nikavuta pumzi, nikaanza.

"Unatangazia Gasenyi nzima," akasema, macho amefumba.

Jirani akaegemea ua, na dumu mkononi. "Bibi, leo dunia inasemaje?"

"Ngoja," nikamwambia. "Kwanza huyu."